Ndoo Iliyomkuta Mjomba

Nafasi ya ukurasa ilitukatiza ndoo ikiwa hewani, msomaji wangu, na lawama zenu zote nimezipokea. Basi tulieni. Ndoo imeshatua.

Imetua sawasawa. Maji baridi ya Newala, mwezi wa sita, ukungu ungali juu ya mabati, yalimshukia mtu aliyevaa koti la Fortunatus na kofia ngumu ya Fortunatus. Yakaingia shingoni, yakatokea kwenye viatu.

"Hepi bethdei!" vijana wakalipuka.

Shakila, rafiki wa Leonia wa kufa na kuzikana, alikuwa ameinua simu anarusha mubashara. Vijimoyo vyekundu vilikuwa vinapanda kwenye kioo kama povu la sabuni.

Leonia mwenyewe, mmwagaji, alicheka mpaka akashika mbavu. Mchumba wake ametimiza miaka, na siku hizi Newala mtu hatimizi miaka akiwa mkavu. Mtindo huo uliingia kwa njia ya simu, ukapokelewa kuliko mgeni wa heshima. Karani anamwagiwa, muuza nyanya anamwagiwa, na wenyewe mlimsoma juzi yule dereva wa bodaboda aliyemwagiwa abiria wake akiwa nyuma. Saluni ya Leonia pale sokoni ndiyo ilikuwa makao makuu. Ukisuka kwake, anakuuliza kwanza umezaliwa lini.

Lakini mlowa maji wa leo hakucheka. Hakukimbia wala hakutukana. Alisimama pale pale, mikono chini ya kidevu, anahangaika na kifungo cha kofia.

"Nisaidieni kufungua hiki kidude," sauti ikatoka ndani. "Kimenishinda tangu chini ya mlima."

Kicheko cha Leonia kikakatika. Ile haikuwa sauti ya Fortunatus.

Edson, kijana wa duka la jirani, akakifungua kifungo. Kofia ikatoka. Chini yake kulikuwa na mvi, na chini ya mvi kulikuwa na Mzee Kasiani wa Chiungutwa.

Mjomba!

Kama wewe si mtu wa huku juu kwetu, ngoja nikueleze haraka kabla watu hawajazimia. Mzee Kasiani ni kaka wa mama yake Fortunatus. Kwetu, baba wa kijana anaweza kukubali ndoa mpaka sauti ikauke. Mjomba akikataa, wapishi wanarudisha masufuria. Na Mzee Kasiani alikuwa anatarajiwa kesho yake, kuja kumalizia posa ya huyu huyu Leonia.

Aliwahi siku moja ili akapate usingizi mzuri kabla ya mazungumzo. Akapanda nyuma ya pikipiki ya mpwa wake, na walipoanza kuupanda mlima, baridi ikambana. Fortunatus akamvua mjomba unyonge kwa kumvika koti lake na kofia yake. Kisha akasimama dukani kumnunulia sukari bibi yake Leonia, mjomba akatangulia kwa miguu mpaka uani kwa bibi huyo. Ndivyo ilivyokuwa, na sasa mzee wa watu anadondoka maji mbele ya ukoo mzima wa mitandaoni.

Leonia akapiga magoti. Akayapiga ndani ya dimbwi alilolitengeneza mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee Kasiani alimtazama. Shikamoo haiachwi ikaning'inia, hata ukiwa umelowa.

"Marahaba," akajibu, na meno yakagongana.

Hapo ndipo Fortunatus alipoingia uani na mfuko wa sukari. Akamwona mjomba, akaiona ndoo, akamwona mchumba wake magotini. Sukari ikamponyoka.

"Leonia! Umefanya nini?"

"Nilidhani ni wewe!"

"Nyamazeni," mzee akasema. "Binti, maji haya yametoka wapi?"

"Kwenye tangi la Bibi, mjomba."

"Nani aliyatega?"

"Bibi. Mvua za masika."

"Umenimwagia masika ya bibi yako." Akatikisa kichwa, matone yakaruka. "Ungenimwagia uji ningesamehe. Ungenimwagia ulaka, ile pombe ya mabibo, ningelamba na mikono. Lakini maji! Juu ya mlima huu, maji!"

Leonia alitaka ardhi ipasuke. Hakuwa ameyafikiria maji hata mara moja. Yeye alizaliwa bomba limeshafika mtaani, na likikatika kuna tangi la Bibi. Alikuwa amefikiria video tu.

Bibi Yuliana, bibi mzaa mama wa Leonia, akatoka jikoni na kanga kavu begani.

"Baba Justin, umelowa."

"Nimelowa, Mama Nikolao."

"Vua koti hilo usije ukaniugulia hapa. Jifunge hii."

Ilikuwa kanga ya maua ya waridi, makubwa, ya kuonekana toka barabarani. Mzee Kasiani akajifunga kwapani bila aibu, na ndivyo alivyovaa alipotoa hukumu yake. Shakila alikuwa ameficha simu nyuma ya mgongo. Kuizima alisahau.

"Fortunatus," mzee akaanza, "mama yako ana upara katikati ya kichwa. Ulidhani ni ugonjwa?"

"Sijawahi kuuliza, mjomba."

"Ni kata ya kichwani. Ni ndoo. Sisi tulikulia huku juu. Kila alfajiri alishuka bondeni na wenzake, akapanda na maji kichwani, toka alipokuwa n'toto mpaka alipoolewa chini kwetu. Nywele zikachoka, zikakataa kuota. Na mimi niliyaoga yale maji, nikayanywa, nikaenda shule. Leo natoka nyumbani nimeacha mikorosho haijapigwa dawa ya salfa, nije nimposee kijana wake mke, halafu mke mwenyewe anayamwaga kwa kucheka!"

Leonia alihisi machozi yanamjia, na hayakuwa ya kuogopa. Ilikuwa aibu tupu.

"Posa imesimama," mzee akasema.

"Mjomba!" Fortunatus akalia.

"Imesimama, sikusema imekufa. Itaendelea kesho ndoo hii hii ikirudi hapa na maji ya bondeni. Aliyemwaga ndiye atakayechota. Kwa miguu, kichwani." Akafikiri kidogo. "Na bila simu."

Vijana walikuwa wamevumilia mpaka hapo.

"Bila simu?" Shakila akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Yeye. Asichukue simu."

Kumbuka hapo, msomaji. Alisema yeye.

*

Jioni hiyo Bibi Yuliana alimkalisha mjukuu wake chini, akampa kipande cha kanga kuukuu.

"Funga kata nione."

Leonia akaviringisha. Kikawa kitu kama andazi lililokanyagwa.

"Hiyo itakuua shingo, n'jukuu wangu. Kaza. Acha tundu katikati. Hivyo. Na ukishajaza ndoo, kata matawi mabichi uyaweke juu ya maji. Yanatuliza. Ukiyasahau, maji yatacheza ndoo nzima na wewe utacheza nayo."

"Bibi, lakini bomba si lipo?"

"Bomba lipo. Mume je?"

Leonia akarudi kwenye kata.

"Na mjomba Nikolao akisikia?" akauliza baadaye kidogo. Nikolao, mtoto wa kwanza wa Bibi Yuliana, yuko Tandahimba anafanya kazi ya korosho, na hasira zake zinajulikana toka Tandahimba mpaka huku. Kwa upande wa Leonia, yeye ndiye mjomba.

"Asisikie," Bibi akasema. "Tukimaliza ndiyo tutamwambia."

Maskini Bibi. Hakujua kwamba video ya mzee mwenye kanga ya waridi ilikuwa imeshafika Masasi, ikapita Tandahimba na inaelekea Mtwara bila nauli.

*

Asubuhi Leonia alishuka. Simu ameacha chini ya mto wa kitanda, na mkono wake ulikuwa unaitafuta mfukoni kila akiona kitu cha kupendeza. Na vya kupendeza vilikuwepo. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na yeye anaingia humo taratibu, jiwe kwa jiwe, akishika mizizi. Mara tatu alisema kwa sauti, "Shakila, piga hii," na Shakila hayupo.

Kushuka hakukumsumbua. Chemchemi aliikuta, maji safi yanatoka chini ya mwamba. Akajaza, akakata matawi, akayalaza juu. Akachuchumaa, akainua, akaweka kichwani. Shingo ikalia kwa sauti.

Akaanza kupanda.

Mwanzoni alihesabu hatua, akaacha, kwa sababu ilimkatisha tamaa. Akaimba, pumzi ikakatika. Mwishowe akawa anamfikiria mama mkwe wake mtarajiwa, yule mwenye kicheko laini, anayefunga kilemba hata akiwa ndani. Leonia amewasuka mamia ya wanawake wa Newala lakini huyo hakuwahi kukubali kuvuliwa kilemba. Sasa alielewa, na akasikia uchungu kweli kweli.

Juu kidogo ya nusu ya njia, jiwe likazunguka chini ya mguu.

"Yesu wangu!"

Goti likagonga chini. Ndoo akaidaka kwa mikono miwili, lakini maji hayakusubiri. Yakakimbia kwenye kokoto, yakapotea. Alipochungulia, matawi yalikuwa yameshuka mpaka katikati ya ndoo. Ilibaki nusu.

Akakaa na kulia. Kurudi chini hana nguvu. Kwenda juu na nusu, posa imekwisha.

"Pssst!"

Akageuka. Nyuma ya jiwe kubwa kulikuwa na sikio, kisha jicho, kisha Fortunatus mzima, amekumbatia dumu la njano.

"Umetokea wapi wewe?"

"Nimeshuka toka juu. Lete ndoo, haraka."

"Maji ya wapi hayo?"

"Ya bomba. Maji ni maji, Leo wangu, hayajaandikwa jina. Mjomba ataonja atasema asante."

Leonia akalitazama dumu. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Msomaji, usijifanye mtakatifu, hata wewe ungelitazama. Kifuniko kikafunguliwa, maji yakachungulia kwenye mdomo.

"Ngoja," akasema.

"Nini tena? Watu wanakusubiri!"

"Fortu, mama yako alijaziwa na nani?"

Leonia akauziba mdomo wa dumu kwa kiganja.

"Alikuwa akianguka hapa, alikuwa anatokea mtu na dumu?"

"Leonia, ndoa yetu iko kwenye hii ndoo!"

"Najua. Ndiyo maana." Akajifuta machozi, akakaza kata. "Nisaidie kuinua tu. Hata wao walikuwa wanainuliana."

Akamwinulia. Akabaki na dumu lake nyuma ya jiwe, na aibu yake, na mapenzi yake yakiwa yamezidi kuliko jana. Hayo alikiri mwenyewe baadaye.

*

Kule juu hakukuwa na sehemu ya kutemea mate. Shakila, ambaye hakukatazwa simu na mtu yeyote, alikuwa amesimama ukingoni anarusha mubashara tangu jua lichomoze. Bodaboda zimejipanga. Akina mama wametoka sokoni na nyungo zao. Walimu walio likizo wapo, hata wale wa kutoka mikoa ya mbali, wanaulizana hii ni mila au ni mchezo. Kina Edson walikuwa wamebeba ndoo zao zilizojaa pomoni, tayari kummwagia Leonia akitokea, kwa shangwe.

Mzee Kasiani alikaa kwenye kiti cha plastiki, koti limekauka. Kando yake Bibi Yuliana.

"Huyoo!" watu wakapiga kelele.

Edson akainua ndoo.

"Edson!" Leonia akapiga ukelele kwa pumzi iliyobaki, shingo haigeuki. "Ukinimwagia tu, mimi na wewe mpaka kaburini!"

"Ni mtindo, dada!"

"Peleka kwenye tangi la Bibi! Wote! Tulimwaga maji yake, tumrudishie!"

Vijana wakatazamana. Kisha Edson, sijui ni woga au ni busara, akageuka na ndoo yake akaelekea nyumbani kwa Bibi Yuliana, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mama mmoja akapiga kigelegele. Simu zikawageukia wao, na wao wakaanza kutembea kwa madaha.

Leonia akaishusha ndoo mbele ya mzee. Akapiga magoti, safari hii pakavu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mzee akainama, akatoa matawi, akachungulia.

Akachungulia tena.

"Hii ni nusu."

Leonia akainua uso.

"Nimeanguka, mjomba. Nusu imebaki njiani. Sina la kusema." Akaitazama ndoo. "Niache nipumzike kidogo, nitashuka tena. Nitashuka mpaka ijae."

Akanyoosha mkono kuichukua ndoo. Mzee Kasiani akaishika upande wa pili.

"Binti, dada yangu alipanda mlima huu miaka na miaka. Unajua alifika na ndoo nzima mara ngapi?"

"Sijui, mjomba."

"Hata mara moja. Hakuna aliyewahi kufika na ndoo nzima. Muulize Mama Nikolao."

"Hakuna," Bibi Yuliana akasema. "Tulikuwa tunaoga njiani bila kupenda."

"Ungenifikishia ndoo imejaa," mzee akaendelea, "ningejua umejaziwa na huyu mpwa wangu, nami ningechukua kofia yangu nikaondoka. Nusu hii ndiyo niliyokuwa naingoja."

Akachota kwa kikombe. Akampa Bibi Yuliana kwanza. Bibi akanywa, akafumba macho, na machozi yakamtoka kwa furaha kama msichana.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Bado yana ladha ya jiwe."

Mzee akanywa. Akamshika Leonia mkono, akamwinua.

"Posa inaendelea!"

Usiniulize kelele zilikuwaje. Vigelegele, honi za bodaboda, Shakila analia na kurusha kwa wakati mmoja. Fortunatus, aliyefika kimyakimya kwa njia ya pembeni, alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Leonia akafikiri, yamekwisha. Kweli yamekwisha.

Honi moja haikunyamaza.

Ilikuwa ya pikapu, imejaa vumbi la Tandahimba. Ikasimama katikati ya watu. Mlango ukafunguliwa, akashuka bonge la mwanaume, mkononi ameshika ndoo nyekundu, mpya, karatasi ya dukani haijabanduliwa.

"Mama yangu," Bibi Yuliana akanong'ona. "Nikolao."

Watu wakampisha. Nikolao akaja mpaka kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, Mzee Kasiani."

"Marahaba, baba."

"Nikiwa njiani kuja huku nimeona kwenye simu mtoto wa dada yangu anapanda mlima na ndoo kichwani. Nani kamtuma?"

"Mimi."

"Alikosea, ukamtuma. Vizuri. Sina ugomvi." Akageuka. "Shakila, lete hiyo simu. Mwonyeshe mzee lile jiwe."

Shakila, uso umekwajuka, akaisogeza simu. Kumbe kutoka ukingoni alikuwa amevuta picha karibu, karibu kabisa, na mji mzima umeona. Mzee Kasiani peke yake, asiyekuwa na simu, ndiye hakuona. Sasa akaona. Akamwona mpwa wake anachungulia nyuma ya jiwe. Akaliona dumu la njano. Akamwona Leonia anakataa.

"Fortunatus!" mzee akanguruma.

"Nisamehe, mjomba! Nilimhurumia!"

"Binti yetu amekataa udanganyifu," Nikolao akasema, kwa upole unaotisha. "Kijana wenu ndiye aliyeuleta, kwenye dumu. Sasa upande wetu nao una neno. Posa imesimama."

Akaiweka ndoo nyekundu chini.

Fortunatus, sifa zake apewe, hakusita. Akapita katikati ya watu, akainama kuichukua.

"Nitashuka sasa hivi, mjomba Nikolao."

"Iache. Si wewe." Nikolao akaisukuma ndoo kwa mguu, taratibu, ikateleza mpaka ikagusa kiatu cha Mzee Kasiani. "Kwetu mtoto akikosea, anaulizwa mjomba wake. Au huko Chiungutwa mmeshasahau?"

Mama wa sokoni akaziba mdomo kwa ungo.

Mzee Kasiani akaitazama ndoo. Akautazama mlima. Akayatazama magoti yake, yaliyozunguka mikoroshoni mwezi mzima.

Leonia hakuweza kuvumilia. Akafungua kata kichwani mwake, akaikaza upya kwa vidole vinavyouma, akaacha tundu katikati kama alivyofundishwa. Akamnyooshea mzee kwa mikono miwili.

"Mjomba," akasema polepole. "Usisahau matawi."

Mzee Kasiani akanyanyuka kwenye kiti. Mkono wake wa kulia ukainuka, vidole vimekunjuliwa. Kata ilikuwa upande mmoja, na ukosi wa shati la Nikolao ulikuwa upande wa pili.

Shakila akasogea karibu, simu juu. Na hapo, msomaji wangu, nafasi ya ukurasa imetukatiza tena.